Barua ya Wazi kwa Halmashauri ya Jiji la Leicester: Lipatieni Tangazo la 1972 Mahali Ndani ya Guildhall

Mheshimiwa Meya wa Jiji, Waheshimiwa Madiwani, pamoja nanyi mliokabidhiwa makumbusho ya jiji letu,

Nawaandikia kwa Kiswahili, na nimekusudia iwe hivyo. Tarehe 15 Septemba 1972, halmashauri iliyokalia viti mnavyovikalia leo ililipia nafasi katika gazeti la Uganda Argus la Kampala na kuwataka Waasia waliokuwa wakifukuzwa na Idi Amin wasije Leicester. Tangazo lile liliandikwa kwa Kiingereza, lakini lilifika katika nyumba ambamo malezi, mapishi na mazungumzo ya sokoni yalikwenda kwa Kigujarati kilichochanganyika na Kiswahili, na wengi wa waliolisoma ndio waliokuja kuwa wapigakura wenu. Baada ya zaidi ya nusu karne, si vibaya jibu likija kwa mojawapo ya lugha za nyumba zile.

Nina ombi moja tu. Naomba nakala ya tangazo hilo ipewe mahali pa kudumu ndani ya Guildhall, jengo la kale lililokuwa makao ya halmashauri yenu kabla ya kugeuzwa makumbusho. Najua mtaniuliza kwa nini pale, ilhali tangazo lenyewe halikuandikwa pale. Swali hilo ni la haki, na sehemu kubwa ya barua hii ni jibu lake.

Mwenye kuingia Guildhall akitokea kwenye kichochoro cha kanisa kuu hupokewa na Ukumbi Mkuu uliojengwa yapata mwaka 1390, ambao mbao zake za mwaloni zimepinda kuelekea juu kama mbavu za jahazi lililopinduliwa. Mimi niliyekulia Mombasa sikuweza kuliona kwa namna nyingine. Waliolijenga walikuwa wanachama wa Corpus Christi, chama cha ibada kilichoanzishwa mwaka 1343, ambacho wafanyabiashara na watu wenye mali walikitumia kuwaombea marehemu wao, kula pamoja na, bila shaka, kupanga mambo ya mji kabla hayajafika mbele ya watu. Vyama vya namna hiyo vilipofutwa katika mageuzi ya dini ya karne ya 16, mji ulilinunua jengo mwaka 1563, na kwa zaidi ya miaka 300 iliyofuata humo ndimo meya alimokuwa na chumba chake, mahakama ikasikiliza kesi na wazee wa mji wakakaa vikao. Maktaba ya mji ilihamishiwa humo mwaka 1632. Polisi wa kwanza wa Leicester walipoundwa mwaka 1836 walipewa nafasi humohumo, na vyumba vya mahabusu vikatengenezwa chini, hatua chache tu kutoka mahali ambapo wakubwa walikuwa wakiota moto. Mwaka 1876 halmashauri ikahamia Town Hall mpya, jengo la kale likapita mikono mingi na kuchakaa, na baada ya watu wa historia wa hapahapa kulipigania likakarabatiwa na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1926. Mwaka 2026 makumbusho hayo yanatimiza miaka mia moja.

Majengo ya namna hii yako kila upande wa Uingereza, na historia zake zinafanana kiasi kwamba ukilijua moja umeyajua mengi. Mji ulikua, Sheria ya Serikali za Miji ya 1835 ikavunja mabaraza ya zamani yaliyojichagua yenyewe, halmashauri mpya zikajijengea kumbi kubwa za mawe, na zile nyumba za kale zikabaki bila kazi mpaka mtu fulani akakumbuka kwamba mji una vitu vyake ambavyo havina pa kuwekwa. Abingdon ilipopoteza hadhi ya makao makuu ya Berkshire, County Hall yake iliyojengwa kati ya 1678 na 1682 ikaishia kuwa makumbusho. Leo mgeni huona humo gari la MG kutoka kiwanda cha mji huo kilichofungwa mwaka 1980, na siku za sherehe za kifalme wakubwa wa mji hupanda juu ya paa na kuwarushia wananchi maandazi. Nayasema haya kwa upendo, maana hata kwetu sherehe isiyo na maandazi haihesabiki. Aldeburgh, katika pwani ya Suffolk, ina Moot Hall ya karne ya 16 iliyokuwa katikati ya mji mpaka bahari ikaumeza mji upande mmoja na kuliacha jengo likitazamana na ufuko. Humo kuna makumbusho, na baraza la mji bado linakutana humo. Natamani Leicester ingeiga hilo walau mara moja kwa mwaka, ila sitalichanganya na ombi langu.

Narudi kwenye swali lenu: kwa nini pale?

Kwa sababu kazi kuu ya jengo lile, tangu siku za chama cha ibada hadi siku za halmashauri, ilikuwa kuamua nani ni wa mji huu na nani si wa mji huu. Mahakama, polisi na karamu vilikuja juu ya kazi hiyo. Leicester ina orodha za chama cha wafanyabiashara zinazoanzia mwaka 1196, karibu karne mbili kabla ya mwaloni wa Ukumbi Mkuu kukatwa, na orodha hizo ni majina ya watu waliokubaliwa kufanya biashara mjini. Asiyeandikwa alikuwa mgeni hata kama alizaliwa ng'ambo ya mto. Katika miji ya Uingereza hali iliendelea hivyo kwa karne nyingi: ili ufungue duka ulipaswa kuwa mwanamji kamili, na uanamji ulipatikana kwa kurithi, kwa kumtumikia fundi au kwa kulipa. Vikao vya kupokea na kukataa watu vilikuwa kazi ya kawaida ya wazee wa mji, sawa na kupima mikate au kukagua visima.

Wala si wafanyabiashara peke yao waliofungiwa mlango. Mwaka 1231 Simon de Montfort, bwana wa Leicester, alitoa hati ya kuwafukuza Wayahudi mjini. Hati hiyo ilikaa katika kumbukumbu za mji kwa zaidi ya miaka 750, mpaka halmashauri yenu yenyewe ilipoikana rasmi mwaka 2001. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha kwamba Leicester inajua namna ya kuishika karatasi ya aibu bila kuichoma, na kwamba halmashauri inaweza kusema neno juu ya jambo ambalo hakuna diwani aliye hai anayelaumiwa kwalo.

Nikiliweka tangazo la 1972 kando ya orodha ya 1196 na hati ya 1231, naona karatasi ya tatu katika jalada moja. Lilisema kwamba maelfu ya familia tayari zilikuwa katika orodha ya kusubiri nyumba za halmashauri, kwamba mamia ya watoto walikuwa wakisubiri nafasi shuleni, na kwamba huduma za jamii na afya zilikuwa zimeelemewa. Kisha likawaambia wasomaji kwamba, kwa faida yao wenyewe na ya familia zao, wafuate ushauri wa bodi ya serikali iliyokuwa ikiwatafutia makazi na wasije Leicester. Siku tatu baadaye, tarehe 18 Septemba, ndege ya kwanza ya waliofukuzwa ilitua Stansted. Watu wapatao 28,000 waliingia Uingereza kwa jumla, na maelfu kati yao walikuja moja kwa moja mahali walipoambiwa wasije. Wako wanaosema, tena kwa kicheko, kwamba hawakuwa wamewahi kulisikia jina la Leicester mpaka walipolisoma gazetini: mji unaolipa fedha kukuambia usiende lazima una kitu.

Majira ya baridi yaliyopita nilimpeleka Guildhall mama mmoja aliyezaliwa Jinja, ambaye mwaka ule wa 1972 alikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Anaishi upande wa Belgrave, na Kiswahili chake ni kile cha dukani kwa baba yake, chenye sarufi yake mwenyewe. Tulizunguka polepole kwa sababu ya magoti. Katika chumba cha meya alisimama mbele ya meko yenye nakshi ya mwaka 1637, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapa ndiyo walikaa kuandika ile karatasi?" Nikamwambia hapana, mama, wale walikuwa Town Hall, hawa waliondoka hapa miaka mia moja kabla. Akatikisa kichwa. "Sawa. Lakini meya ni meya."

Nimelifikiria jibu lake tangu siku ile, nami nimefikia kuona kwamba yeye ndiye aliyelielewa jengo kuliko mimi niliyekuwa nikimtajia miaka. Hadithi ya halmashauri ndani ya kuta zile inamalizikia 1876, kwa sababu ndipo ilipohama, lakini halmashauri yenyewe haikumalizika. Ni rahisi mno mgeni kutoka pale akiwa na picha kwamba kutawala mji ni jambo la watu waliovaa majoho, waliokula nyama kwenye meza ndefu na kuwafungia wezi chini. Mwaloni mzuri una ubaya wake: hufanya kila kilichotendwa chini yake kionekane cha zamani na kisicho na madhara.

Mtanikumbusha kwamba mwaka 2022, ilipotimia miaka hamsini, makumbusho ya jiji yalifanya maonyesho juu ya Waasia wa Uganda, nasi tulikwenda na kushukuru. Lakini maonyesho ya maadhimisho huja na mwaka wake na huondoka nao, na jumba lenu la New Walk, lililofunguliwa mwaka 1849, ni mahali pa picha za kuchora na mifupa ya dinosauri. Pale historia yetu huonyeshwa kama historia ya watu waliofika: masanduku, picha za harusi, mashine ya kushonea. Katika Guildhall ingekuwa sehemu ya historia ya mji ulioamua. Hizo ni hadithi mbili tofauti, na ya pili ndiyo inayokosa makao.

Wala msiniambie kwamba jengo la daraja la juu kabisa la hifadhi haliwezi kubeba jambo jipya. Mifupa ya Mfalme Richard III ilichimbuliwa chini ya maegesho ya magari ya halmashauri mwezi Septemba 2012, utambulisho wake ukatangazwa tarehe 4 Februari 2013, na siku chache tu baadaye Guildhall ilikuwa na maonyesho yaliyowavuta watu kwa maelfu. Nilipanga foleni nami, na sijutii. Lakini ikiwa mfalme aliyeuawa mwaka 1485 alipatiwa nafasi haraka kiasi hicho, karatasi moja iliyoandikwa na watumishi wa jiji hili haiwezi kuwa mzigo.

Jengo ambalo ningependa mlitazame kwa karibu zaidi liko Dorchester, huko Dorset. Shire Hall ya mji huo ilijengwa mwaka 1797 na ilikuwa mahakama mpaka mwaka 1955. Mwezi Machi 1834 vibarua sita wa mashamba kutoka kijiji cha Tolpuddle walisimamishwa kizimbani humo kwa kosa la kula kiapo cha siri walipoanzisha chama cha kutetea mishahara yao, na wakahukumiwa kupelekwa Australia kwa miaka saba. Kelele za wananchi ziliwapatia msamaha mwaka 1836. Jengo lilipofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2018, kilichopewa heshima ya kwanza kilikuwa ule ukumbi wa mahakama wenyewe, pamoja na kizimba na vyumba vya mahabusu vilivyo chini yake. Mgeni anasimama aliposimama mshtakiwa na kutazama juu alipokaa jaji. Waliolitengeneza hawakuona haya kusema kwamba jambo kubwa lililofanyika katika jengo lao lilikuwa hukumu mbaya, na hakuna aliyeipenda Dorset pungufu kwa sababu hiyo.

Mfano mwingine ni mdogo lakini nauthamini. Sandwich, mji wa Kent, una Guildhall ya mwaka 1579 yenye makumbusho ndani yake. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba nakala ya mwaka 1300 ya Magna Carta (ile hati ya kale iliyowawekea wafalme wa Uingereza mipaka), mali ya mji huo, imeonekana katika hifadhi ya kumbukumbu za kaunti huko Maidstone, ikiwa ndani ya kitabu ambamo mtu wa enzi ya Victoria alibandika karatasi za kale. Sasa iko Sandwich, imechanika na kupungua karibu theluthi, na mji mzima unajivunia. Hazina yao ilikuwa karatasi ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama. Nanyi kumbukumbu za vikao vya Leicester mnazo, kuanzia vitabu vya karne ya 15 hadi mafaili ya juzi, katika ofisi ya kumbukumbu iliyoko Wigston.

Naomba basi tangazo lisiwekwe peke yake. Karatasi iliyotundikwa bila maelezo humtukana aliyeiandika na kumdanganya anayeisoma. Liandamane na kumbukumbu za vikao vya mwaka ule, ili mgeni aone walichojadili madiwani, nani aliunga mkono na nani alipinga, na ile orodha ya kusubiri nyumba ilikuwa ndefu kiasi gani. Hofu yao haikuwa ya kubuni yote. Kulikuwa na nyumba mbovu, kulikuwa na shule zilizojaa, na serikali kuu iliwaachia miji mzigo huku ikitoa ahadi. Nataka mjukuu wa yule mama wa Jinja ayasome haya yote na kuamua mwenyewe. Nataka pia mjukuu wa diwani wa wakati ule aweze kuingia chumba hicho bila kuinamisha uso.

Kuhusu namna ya kuliweka, sidhani nawafundisha wahifadhi wenu kazi. Karatasi ya gazeti hugeuka njano na kukatika ikipigwa na mwanga, ndiyo maana vitu kama hivyo huwekwa katika mwanga usiozidi luksi 50, ambao katika chumba chenye madirisha kama ya Guildhall ni shida kuupata. Nakala nzuri itatosha, na asili ibaki salama ilipo. Kabati moja la kioo lenye miguu yake halihitaji msumari hata mmoja katika mbao za 1390. Naomba tu lisiwe kama kabati nililoliona katika makumbusho ya mji mmoja mdogo ambao sitautaja, ambamo kitabu cha kumbukumbu za baraza kilikuwa kimefunguliwa kwenye ukurasa uleule nilipopita mwanzo na nilipopita tena miaka minne baadaye, wino wa ukurasa huo umefifia kuwa rangi ya chai, na kurasa nyingine zote bado nyeusi kwa sababu hazijawahi kuona jua wala msomaji.

Maelezo yawe kwa Kiingereza, Kigujarati na Kiswahili. Najua lugha za jiji hili ni nyingi na kila moja ina watu wake. Katika sensa ya 2021 asilimia 43.4 ya wakazi walijitambulisha kuwa Waasia, na ndani ya neno hilo moja kuna lugha zisizohesabika kwa vidole. Kiswahili nakitetea kwa sababu kilikuja na watu walewale walioandikiwa tangazo, kikiwa kimejificha ndani ya Kigujarati chao. Nenda Belgrave Road uagize mogo, utaletewa muhogo wa kukaanga wenye pilipili, na anayekuletea huenda hajui kwamba amesema Kiswahili. Katika jikoni za huko kisu ni kisu, sufuria ni sufuria na fagio ni fagio. Maneno haya yalipita uwanja wa ndege wa Entebbe bila kukaguliwa, wakati dhahabu ilikuwa ikitolewa mikononi mwa watu. Yawekeni kwa sauti, yasemwe na wazee wenyewe, maana sauti hizo zinapungua kila mwaka.

Siwezi kumaliza bila kugusa fedha, kwa kuwa najua barua ya namna hii hufikia meza ya mhasibu kabla ya meza ya mhifadhi. Sheria ya Maktaba na Makumbusho ya 1964 inazilazimu halmashauri kuwa na maktaba, lakini makumbusho inaziruhusu tu, na ndiyo maana mikono inapobana makumbusho hutangulia kuguswa. Mwaka 2016 Kaunti ya Lancashire ilifunga makumbusho matano kwa mkupuo, mojawapo likiwa ndani ya jengo la mahakama la mwaka 1825 huko Preston. Baadhi ya hayo matano yalifunguliwa tena baadaye, baada ya watu wa mahali pale kupiga kelele. Makumbusho hupata watu wa kulipigia kelele pale watu hao wanapojiona ndani yake. Mji ambao wengi wa wakazi wake wana asili ya ng'ambo hautaandamana kwa ajili ya meko ya 1637 peke yake, hata kama ni nzuri, nami nakiri ni nzuri.

Mwaka 1836, mara tu baada ya sheria mpya kuwaondoa wazee wa zamani, halmashauri mpya ya Leicester ilipiga mnada vyombo vya fedha vya mji pamoja na siwa ya meya, kwa hasira ya watu waliotaka kuonyesha kwamba enzi ile imekwisha. Siwa ilirudi miaka mingi baadaye, kwa sababu waliofuata waliona kwamba mji hauwezi kuuza historia yake kila unapobadilisha mabwana. Ile ilikuwa alama ya fahari na hii ni alama ya fedheha, nami sioni kwa nini moja ihifadhiwe na nyingine ibaki katika mafaili.

Ikiwa ombi hili litapokewa, niko tayari kuandika maelezo ya Kiswahili bila malipo, na nimekwisha kuwapata wazee sita waliokubali kurekodiwa, wanne kutoka Kampala na wawili kutoka Jinja. Yule mama ameniambia atakuja siku yoyote isipokuwa Jumanne, kwa sababu ya miadi yake hospitalini, na anaomba chumba cha meya kiwashwe joto kwanza.

Wenu mwenye heshima,

Mkazi wa Leicester, mzaliwa wa Mombasa